Mafunjo ya Matheka

Shauri Moyo, Nairobi

Kwa dada yangu mpendwa Phelister,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako aliyenenepa kwa mapenzi. Goti la Mama limepoa? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na kila nikiandika "sisi" natabasamu peke yangu.

Unaukumbuka ule mto uliowafanya mzibe pua siku ya arusi yetu? Ukuta wa magodauni uliouficha umebomolewa, na malori yaliyoegeshwa ukingoni yameondolewa! Shemeji yako Matheka na wenzake wametengeneza njia ya kutembea na mabenchi, na ukingoni wamepanda mafunjo, yale yale ya huko ziwani, yachuje uchafu wa viwanda. Matheka akinieleza habari za matope, dada, moyo wangu huyeyuka.

Basi nilimpelekea chakula, nikamkosa, nikayakuta mafunjo yamestawi hadi kunipita. Wajua kwetu mafunjo ni ya mwenye panga. Nikakata mzigo mchana kweupe, nimsukie mume wangu mkeka kama alivyotufundisha nyanya. Mzee Ndolo, mlinzi, aliniazima panga na kunisaidia kujitwisha, akidhani nimetumwa na Matheka, kisha akaenda zake likizo.

Jioni Matheka alirudi amenuna. Alisema mwizi amevamia mafunjo, na Jumamosi wakazi wanakuja kukagua. Wakikuta pengo, wenye malori watarudishiwa maegesho yao. Mzigo ulikuwa chini ya kitanda. Nikampa pole.

Tangu hapo kila jioni alishika tochi akaenda kumvizia mwizi, akaniacha mimi, bibi arusi mpya, na ukuta. Yeye akilinda mafunjo, mimi nayasuka.

Jana nilishindwa. Niliutandika mkeka, nikamketisha, nikamwambia mwizi ni mimi. Aliupapasa kutoka pembe hadi pembe. Kisha akasema, "Kumbe mimi naumwa na mbu mtoni, na mwizi yuko hapa ananipakulia ugali." Akacheka hadi jirani yetu Teresiah akagonga ukuta.

Adhabu yangu ni kupanda upya kwa mikono yangu. Kwa hivyo, dada, nakusihi, nitumie mizizi ya mafunjo kwa basi, na matope yake, ifike kabla ya Jumamosi.

Tochi aliiweka juu ya kabati. Alisema mwizi akishajulikana, kazi ya mlinzi ni kukaa naye karibu.

Msalimie Mama sana, lakini habari ya panga mfiche.

Nduguyo akupendaye,
Awiti, mke wa Matheka (acha niandike tena: mke wa Matheka)