Kijibwa Kwenye Sakafu ya Pini

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni wa mambo ya mbwa, usicheke kwanza, tena mbwa wa jamii ile ndogo ambaye hata akikomaa anaenea kwenye kapu la nyuzi, na mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, fundi cherehani, mke wangu alifariki miezi minane iliyopita na tangu hapo binti yangu aliyeolewa mbali kila akipiga simu wimbo ni uleule, "Baba, tafuta kitu cha kukuinua kwenye hicho kiti," basi mteja wangu mmoja, muuguzi, ambaye mbwa wake amezaa watatu, alikuja kupunguza sketi akaisikia simu hiyo, akaniambia, "Fundi, mmoja ni wako, nipe jibu kabla ya Jumamosi."

Jumatatu akaniachia yule mdogo kabisa kwa mchana mmoja wa majaribio, nami kwa kukosa akili nikampima kifua kwa futi kama mteja, inchi kumi na moja, nikampa na jina, Kifungo, akalala ndani ya kiatu changu, na mshauri, nyumba ikawa na mtu, mpaka nilipomwona anatafuna kitu, nikampanua mdomo, nikakuta pini.

Hapo ndipo nilipokwama, maana pini za sakafuni zilikuwa kazi ya mke wangu, kila jioni alifunga sumaku kwenye kamba akaikokota chini ya meza kama mtu anayetembeza mnyama, namtania, "Mbwa wako amekula ngapi leo?" naye, "Ameshiba kuliko wewe," na sumaku hiyo bado iko kwenye msumari wake, sijaigusa.

La mwisho hata binti yangu hajui. Siku ile aliyofariki, mke wangu aliniita kutoka chumbani, kifua kinambana, nikamjibu, "Nakuja, nimalize pindo hili," pindo la suruali halifiki dakika kumi, nikalimaliza, likanyooka vizuri sana. Mbwa nimemrudisha, nikamdanganya muuguzi kwamba manyoya yananipigisha chafya. Je, mtu kama mimi akabidhiwe chochote kinachopumua?

Fundi wa Pindo

*

Fundi,

Pole, na pole ya kweli. Kama dakika kumi zile zingemwokoa mkeo, mimi sijui, wewe hujui, na hatapatikana wa kutuambia. Utaishi na kutojua huko. Mbwa hakuondolei. Ukimchukua kwa ajili hiyo utakuwa umemtwisha kiumbe cha kilo moja mzigo unaokushinda wewe.

Kwa hiyo Jumamosi jibu lako ni hapana. Na useme ukweli, chafya gani hizo? Umekaa kwenye vumbi la vitambaa maisha yako yote, leo ndiyo unapiga chafya kwa kijibwa? Muuguzi alikujua palepale, ila ana adabu.

Watoto wa mbwa hao hula kidogokidogo, mara nne kwa siku, na wakikosa mlo mmoja wanaweza kuishiwa nguvu wakaanguka. Wewe unakula mara ngapi? Usinijibu. Barua yako ina madoa ya chai tupu.

Kesho, kabla hujakaa kwenye cherehani, itoe sumaku kwenye msumari. Itauma. Ikokote hivyo hivyo, kila siku, mwezi mzima. Halafu mpigie binti yako umwambie ulichoniambia mimi, maana mimi mgeni, yule ni mwanao, na alimzika mama yake bila kujua nusu ya habari. Huenda akakasirika. Mwache akasirike.

Akishatulia, mwombe akupigie saa za kazi bila kukuarifu. Simu ikilia, hata sindano ikiwa katikati ya pindo, ondoa mguu kwenye kanyagio, inuka, nenda mpaka mlango wa chumbani. Utajiona mjinga. Nenda.

Mwezi ukiisha na unainuka bila kujibishana na nafsi, kamwone muuguzi. Kifungo atakuwa ameshachukuliwa, sikufichi. Na ukijikuta bado unasema "nimalize hili kwanza," baki bila mbwa, usimtese mtoto wa watu.

Lile pindo lilikwisha miezi minane iliyopita, Fundi. Ondoa mguu.