Ukurasa Uliotoka Nje

Jumatatu, 4 Machi
Nimefungua intaneti kafe saa mbili. Umeme upo, laini ya simu nzuri. Mjomba kashuka toka mlimani na kabichi zake, kamalizia kunisomea orodha ya mashamba ya ukoo na warithi wake niichape. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, mjomba humrithisha mtoto wa dada yake, kwa hiyo shamba la kijitoni lingekuwa langu. Kampa Yustina, binti yake wa kumzaa. Nimechapa hivyo hivyo. Imeniuma. Ukoo atauambia mwenyewe kikaoni. Hadi hapo ni siri yetu wawili.

Alhamisi, 7 Machi
Mteja kafungua ukurasa wa kadi za salamu kwenye kompyuta ninayochapia. Ukurasa unatakiwa uishie ndani ya brauza, usiguse kingine. Huu umetoka. Umeingia kwenye mafaili yangu, umechukua moja, umelituma kwa kila anwani ya barua pepe iliyomo kwenye kompyuta. La Mjomba! Nimechomoa waya wa simu. Nimechelewa.

Ijumaa, 8
Binamu wa Dar kalipata. Hadi mchana habari imefika mlimani. Mama anasema huko wanasema nimetuma makusudi, kwa kijicho. Nani ataamini ukurasa hutoroka?

Jumamosi, 9
Sidii ya kuziba tundu la brauza ambalo kurasa hutorokea niliifuata mwenyewe stendi ya Msamvu mwezi uliopita, ilikuja na basi. Iko kwenye droo. Nilidhani kuiweka kutanifungia kafe nusu siku. Jumanne niliishika, nikairudisha. Uvivu au kijicho? Sijui. Naogopa kujua. Nikinyamaza, hakuna atakayegundua.

Jumatatu, 11
Mjomba kaja bila kabichi. Shikamoo yangu kaiitikia akitazama ukuta. Nimemwambia yote, hata ya droo. Nilitamani anitukane. Kasema tu: "Kikao kiko palepale, Jumamosi. Orodha utaisoma wewe, mwanangu. Mbele yao wote."
Nilitaka kukataa. Nimekubali.

Ijumaa, 15
Nimeweka ile sidii. Nusu saa tu. Nimeona aibu peke yangu.

Jumamosi, 16
Nimepanda mlimani na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, mvua inanyesha. Nimesoma. Kwenye shamba la kijitoni nimekosea, nikarudia mstari. Wametazamana, wachache wameguna, basi, wamekubali.
Nikishuka nimepita kijitoni. Yustina hakuthubutu kuja kikaoni, alikuwa anapalilia. Nimemwambia limepita. Kanionyesha pa kukanyaga, nisiharibu maharage yake.
Yake. Nimepita taratibu.