Mkono wa Pili wa Sweta la Buluu

Tucson, Arizona
24 Agosti 2018

Dada Cornelia mpendwa,

Habari za huko, na habari za goti lako? Natumaini limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Sisi tupo. Walt ni mzima, anakula kama kawaida, na joto ni lile lile la kukaangia mayai barabarani. Mimi naendelea vizuri tangu kile kiharusi cha Juni. Mguu umerudi. Mdomo umerudi, na Walt anasema umerudi kupita kiasi. Mkono wa kulia ndio umegoma. Barua hii naichapa kwa kidole kimoja cha kushoto, kwa hiyo usitegemee urefu.

Nina neno moja, nalo usinibishie. Oktoba hii siji Rhinebeck. Najua hatujakosa tamasha la sufu la huko hata mwaka mmoja, hata baada ya huyu mume wangu kunihamishia jangwani. Najua pia kwamba sweta lako la kuvaa huko umeshalimaliza, umelikunja, na kila jioni unalikunjua kulitazama. Langu nililianza Januari. Nilimaliza kiwiliwili na mkono mmoja, kisha ndiyo haya. Sasa sindano ikiingia vidoleni mwangu inateleza kama imepakwa siagi. Nimejaribu hadi nikalia, na unanijua, mimi si mtu wa kulia.

Basi nimestaafu kufuma. Nakuletea kwa posta sindano zangu zote na hilo sweta. Sindano wape wale wasichana wa maktaba. Sweta lifumue, uzi ufumie soksi. Ila usithubutu kulimalizia wewe. Unafuma kwa kukaza, Cornelia, kama mtu anayemkaba mwizi koo. Mkono utakaotoka hapo hautaingia hata mguu wa kuku. Na huko tamashani usininunulie kitu chochote.

Msalimie paka.

Mdogo wako,
Thea


Red Hook, New York
9 Septemba 2018

Thea mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Walt. Goti halijambo, linaniambia mvua itanyesha kabla ya redio. Paka hajambo ila hakusalimu, unajua kiburi chake.

Kifurushi kimefika. Nimelitandaza sweta mezani nikalizunguka kama mtu anayetafuta pa kukaa. Buluu gani hii, Thea! Na vitanzi vyako vimelala raha mustarehe, kila kimoja na nafasi yake. Nilitafuta ncha ya uzi nianze kufumua kama ulivyosema. Nikaivuta. Vitanzi viwili vitatu vikaachia, nikasimama, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Siwezi. Nimeanza mkono wa pili, kuanzia begani kushuka. Nitalivaa hili tamashani badala ya langu, ili walau nusu yako iwepo pale. Nafuma kwa kulegeza, naapa. Naimba ili vidole vilainike, na paka amehamia barazani.

Dada yako anayekupenda, ukasirike usikasirike,
Cornelia


Red Hook
22 Oktoba 2018

Thea wangu,

U hali gani, na Walt je? Hukujibu barua yangu, kwa hiyo najua umenuna. Nuna huku ukisoma, maana nina mengi.

Jumamosi nilifika getini mapema na bado nikakuta foleni imezunguka hadi kwenye magari. Baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Sote na sweta zetu mpya, tunakodoleana macho na kushikana mikono ya sweta. Unawajua watu wetu: hawakuulizi jina, wanakuuliza uzi umeutoa wapi.

Sasa cheka. Mkono wangu ulitoka vile vile ulivyosema. Kiwiko hakikunjiki. Nilinunua zile atichoki zetu, mboga ya kukaanga tunayokula kila mwaka, na mkono ukagoma kuzifikisha mdomoni. Nikala kwa kushoto, mafuta yakanidondokea kifuani. Usitishike, doa limetoka.

Nikaingia kwenye kibanda cha bibi mmoja aliyetoka visiwa vya Shetland, Bi Isbister, mwili mdogo, sauti ya mnadani. Nilikwenda kushikashika uzi tu. Akanikamata juu ya kiwiko.

"Hili wamefuma watu wawili," akasema. "Mmoja ametulia. Mwingine ana ugomvi na kondoo."

"Mwenye ugomvi ni mimi," nikamwambia. "Aliyetulia ni mdogo wangu. Alipata kiharusi, mkono wa kulia haushiki sindano. Amestaafu."

"Amestaafu! Ana umri gani?"

"Sitini na nane."

"Mtoto mdogo huyo! Kwetu hakuna kustaafu, mama, kuna kufa tu. Hebu njoo hapa."

Akanifunga mkanda wa ngozi kiunoni. Ubavuni una kifuko kigumu kilichoshindiliwa manyoya ya farasi, kimejaa matundu. Unachomeka sindano ya kulia tunduni, nayo inasimama pale pale bila kushikwa. Mama zao walifuma hivyo huku wakitembea na vikapu mgongoni. Akasema mkono wa kushoto ukishajua kazi, wa kulia unabaki kusindikiza tu.

Sikumwamini. Nikaondoka na mkanda wake kiunoni, sindano na uzi mkononi, nikaenda kukaa juu ya robota la nyasi kavu, pale wanapoonyesha mbwa wa kuchunga kondoo, nikaukalia mkono wangu wa kulia, nikafuma kwa kushoto peke yake. Thea, watu waliwaacha mbwa wakaja kunitazama mimi. Mama mmoja akamwambia mumewe, "Msaidie bibi wa watu, mkono umemnasa!" Nikamwambia, "Haujanasa, nimeukalia mwenyewe, niacheni." Niliangusha vitanzi, nikaokota, nikaangusha tena. Mkono ukafa ganzi kweli. Lakini nilipoinuka nilikuwa na mstari mmoja, umepinda kama njia ya mlevi, lakini ni mstari.

Nikalia pale pale kwenye nyasi. Nimekukosa sana mwaka huu. Kila kibanda niligeuka nikasema "hebu shika hii", na aliyekuwa nyuma yangu ni mtu nisiyemjua.

Najua ulinikataza kukununulia kitu. Nimeununua mkanda. Ule mkono wangu nimeufumua wote, na safari hii vidole havikusita. Nakurudishia sweta likiwa na mkono mmoja, pamoja na uzi, sindano zake na mkanda. Shauri yako.

Dada yako mkaidi,
Cornelia


Tucson
11 Novemba 2018

Dada,

Sisi ni wazima, natumaini nawe pia. Kifurushi kimefika. Walt alikifungua, nikamwambia akifunge tena. Kipo juu kabatini, nyuma ya mapambo ya Krismasi.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Tangu Juni kila mtu ana dawa ya mkono wangu. Daktari ana mpira wa kubinya, jirani ana mafuta, Walt ana video za mazoezi, mke wa mchungaji ana maombi. Wewe nilidhani utakuwa mtu wangu wa kuniambia, "Pole, Thea, inauma, basi tukae tuhuzunike pamoja." Sasa na wewe una mkanda.

Usiniandikie tena habari za sufu. Niandikie za paka, za majirani, za chochote kingine. Nakupenda, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Mdogo wako,
Thea


Red Hook
16 Desemba 2018

Thea mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Nimekusikia. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Hilo ndilo lilipaswa kuwa neno la kwanza, nami nikaleta kifurushi.

Habari za huku. Theluji imeanguka. Jirani yangu Hasbrouck amenunua mashine ya kusukumia theluji, na yake yote anaisukumia mlangoni kwangu. Paka amekamata panya, akamwogopa, akamwachia jikoni. Nimeoka pai ya maboga, ukoko umeungua. Jana nilikwenda mjini, nikaingia kwenye lile duka la pembeni, nikanunua viazi. Jioni nakaa karibu na jiko. Ndiyo, nakaa karibu na jiko.

Sina lingine. Msalimie Walt.

Dada yako anayejitahidi,
Cornelia


Tucson
30 Agosti 2019

Dada Cornelia mpendwa,

Goti linasemaje, na paka je? Nimekaa kimya muda mrefu. Umetuma kadi na kadi, na aliyejibu ni Walt. Nisamehe. Sikutaka kukuandikia kabla sijawa na la kusema.

Ile barua yako ya Desemba niliisoma nikacheka, kisha nikaogopa. Haikuwa na sufu hata chembe, na wewe hukuwemo. Duka la pembeni haliuzi viazi, Cornelia. Halijawahi kuuza kitu isipokuwa nyuzi. Nikasema, Mungu wangu, nimemnyang'anya dada yangu ulimi.

Nikaitoa ile ya tamasha nikaisoma upya. Mara ya kwanza niliona mkanda tu. Mara hii nikakuona wewe, na umri wako, na goti lile, umeukalia mkono wako mbele za watu ili ujue inakuwaje kuwa mimi. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Nililia mpaka Walt akaja na yale mavideo yake, nikamfukuza.

Alipokwenda kucheza gofu nikapanda kiti nikaushusha mkanda. (Habari ya kiti asiijue.) Mwanzoni nilirusha sindano ukutani, alama zipo. Sasa wa kulia unasindikiza, kama alivyosema yule bibi, na siku njema unashika uzi kidogo. Asubuhi nzima napata upana wa kidole. Naupenda huo upana wa kidole kuliko sweta zote nilizowahi kufuma.

Tumekata tiketi. Tunakuja Oktoba. Sweta halitawahi: mkono wa pili umefika kwenye kiwiko, na nitauvaa hapo hapo ulipofika, sindano zikining'inia. Ni mkono wa ovyo, umelegea huku, umekaza kule, begani unapwaya. Bi Isbister akiushika atasema tena hili wamefuma watu wawili. Mwambie ndiyo, ila safari hii wote wawili ni mimi.

Nishikie nafasi kwenye foleni. Na atichoki usianze kula kabla sijafika.

Mdogo wako,
Thea