Ile Picha Kwenye Kompyuta ya Mama

Jeddah

Dada yangu mpenzi Mwanasiti,

Assalaam alaikum. Shikamoo dada. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, joto la huku tu ndilo linalotumaliza. Vipi mguu wako, bado unakuuma ukienda sokoni? Na shemeji, na watoto, na wale kuku wako wasiosikia? Nakuandikia kwa kalamu, na barua nimempa mwenzangu wa Ukunda anayerudi likizo, kwa sababu kila nikipiga simu mama huwa amekaa ubavuni mwako, na haya siwezi kuyasema akisikia, wala hayaenei kwenye ujumbe wa simu.

Ujumbe wako niliusoma ghalani, nimekaa juu ya magunia ya mchele, nikashindwa kuendelea na kazi. Dada, kosa ni langu. Wajua mama hataki picha ya mtu ukutani, kwamba malaika hawaingii chumba chenye picha, na yeye huswali pale pale sebuleni. Nami tangu uliponiambia ameanza kusahau majina, nilitaka anione kila siku. Ndipo nikajifanya mjanja. Nilipoipata ile kompyuta kuukuu, kabla sijawatumia niliweka picha yangu iwe ndiyo ya kwanza kutokea ikiwashwa. Nikasema hii si picha ya ukutani: utawasha ili tuzungumze, nitatokea, utaandika neno la siri, nitaondoka, na malaika wataingia zao. Mimi na ujuaji wangu!

Na katika picha zote nikachagua ile ya umra, niliyopigwa nilipokwenda kuzuru Makka. Nyingine zote nimevaa ovaroli ya ghala, jasho tupu. Ile ya umra nilijiona mtu wa maana: shuka mbili nyeupe, kichwa kimenyolewa, macho nimeyainamisha. Haikunijia kabisa mama ataona nini. Mwanawe aliye mbali, amefunikwa nyeupe, hasemi, hageuki, anatokea mara moja kisha hayupo. Mama ameosha maiti za wanawake wa mtaa mzima, dada. Nguo nyeupe isiyoshonwa anaijua kazi yake.

Umeniambia alitandika mkeka uani, akakuamuru uinjike chai ya watu wa matanga. Na Maalimu wa madrasa alipokuja kumweleza kwamba mimi ni hai, akamjibu, "Maalimu, nimemwona na sanda yake. Usinidanganye, mimi mtu mzima." Hapo nilicheka, wallahi. Kisha nikafika pale uliposema kwamba kila ukiiwasha analia upya, kwa kuwa msiba wa jana ameshausahau. Sasa kwake nimekufa mara ngapi? Na kila mara ndiyo anapata habari.

Unasema uliibadilisha na bado natokea. Ulibadilisha picha ya ndani, ile inayokaa baada ya kuingia. Ya kuwashia iko pengine. Fungua mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, ingia penye mambo ya mwonekano, utafute palipoandikwa skrini iliyofungwa. Hapo utanikuta. Niondoe, uchague maua yoyote. Usiweke nyingine yangu. Niliifikiria ile ya shule, niliyocheka meno yote nje, nikaona haina faida. Akimlilia na yule itakuwa matanga mapya.

Kuja siwezi. Nimemwendea tajiri mara mbili. Pasipoti yangu imo kabatini mwake na mkataba umebaki mwaka na nusu. Aliniuliza kama mama amefariki. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyefariki. Akanitazama kama mwenye homa, akanirudisha ghalani. Na daktari keshakwambia usahaulifu huu haurudi nyuma. Nakwambia wewe tu, dada, sina tamaa tena kwamba nikija atanijua. Naogopa hata nitakapobisha hodi.

Nisalimie shemeji, umwambie namshukuru kwa kumvumilia mama kama mamake mzazi. Msalimie mjomba wetu wa Mkongani, lakini haya usimweleze, ana moyo mwepesi. Na shangazi wa Funzi, mwambie dua zake nazihitaji kuliko ubani wa matanga.

Kuna jambo sikukwambia. Ijumaa ile ulipokwenda kuteka maji ukamwachia mama simu, tulionana kwenye video sisi wawili tu. Alinitazama sana, akasema, "Wafanana na marehemu mwanangu." Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Bakari." Akatikisa kichwa. Akaniambia Bakari amekwenda kwa Mola wake, nisihuzunike, yeye anamwombea kila swala. Mimi machozi yananitoka, naye ananibembeleza kwa sauti ile ile ya zamani, ila hambembelezi mwanawe. Kisha akauliza, "Wewe nawe, mama yako yuko hai?"

Nikasema yuko hai, yuko Msambweni.

"Basi mpigie simu, mwanangu," akasema. "Usimweke roho juu." Akaniaga kwa adabu, akanikatia ili nipate kumpigia.

Ndugu yako,
Bakari