Mche Mweupe wa Papa

Papa,

Ile mbegu ya parachichi uliyoichomeka kwenye mfuko wa udongo juma lako la mwisho, ukiwa huwezi hata kushika kijiko, imeota. Imeota nyeupe pe, shina na majani, hakuna kijani hata chembe. Kati ya mbegu zote za pepinyeri yetu ya miche hapa Mugunga, ni yako tu! Kweli Papa, hata kaburini hujaacha kunitafutia kazi.

Miaka yote ile, tukikagua miche asubuhi, ukiona mweupe uliung'oa, ukanipa na kuninong'oneza, "Tosha mbio, utupe mbali, mama yako asiuone." Uliniambia mche usio na kijani haujipikii chakula, unakula akiba ya mbegu, ikiisha unakufa. Mama hukumwambia kitu, eti ana huruma nyingi, atalilia kila mche.

Sasa ameuona. Alinitangulia kufika pepinyerini, nikamkuta amepiga magoti. "Kahindo, papa yako amerudia," akaniambia. Ameuhamishia nyumbani, mtaa wa Mapendo, ameuweka karibu na picha yako, anausalimia kabla ya kunisalimia mimi. Jumapili akina mama wa kanisa wanakuja kusali rozari mbele yake. Jirani yetu Mama Furaha aliomba jani moja ampelekee mgonjwa. Nilimfukuza, na sasa eti mimi ndiye sina imani. Nimechoka, Papa! Nimekukasirikia, na nimekukumbuka.

Jana nimeona mbegu imeanza kusinyaa. Majani yamelegea. Mama akaniuliza kama una kiu. Kukuzika mara moja kulimkondesha vile. Mara ya pili hataiweza, wala mimi siiwezi.

Basi sikiliza. Kesho nitauunganisha na mche wa kijani, ubavu kwa ubavu, kama ulivyonionyesha kwa malimau, ulishwe na mwenzake. Ukikataa kushika, nitamweleza Mama ukweli wote, hata kule kung'oa kwako kwa siri, kisha nitakaa naye alie anavyotaka. Najua ni ujinga. Hautazaa, na hakuna atakayeununua. Ungenicheka mpaka ukohoe.

Lala salama, Papa. Mama namtunza, hilo nakuahidi. Ila kama huko uliko kuna unachoweza, shika. Tafadhali, Papa, shika.

Mwanao,
Kahindo