Kilo Nne na Nusu

Lindi, 3 Oktoba 2024

Binti yangu Farzana,

Salaam aleikum. Sisi wazima, kifua cha mama yako kimepungua. Wewe hujambo?

Nasikia hilo gari-nyumba lenu, lori lenye vitanda na jiko, linawazungusha madaktari wa macho vijijini siku kumi na mbili, na wewe ndiye mpishi. Nimeuza gesi Lindi miaka ishirini na sita. Mtungi mmoja hauwatoshi. Basi tupatane: ukimaliza safari bila kuniagiza kitu, sitakuuliza tena utarudi lini dukani. Ukiagiza, hata mpira wa gesi tu, unarudi kukaa kaunta na mimi.

Baba yako, Sherali

*

Kilwa Masoko, 6 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijambo kabisa, na mama mpe pole yangu.

Nimekubali, na andaa mtu mwingine wa kaunta. Wewe hutikisa mtungi ukasikiliza, mimi naupima. Mtungi mtupu umepigwa chapa kilo 17.2, na ndani mna gesi kilo 15. Jiko likiwaka saa nzima hula kama gramu 200, nami napika saa nne kwa siku. Friji hula gramu 350 kwa siku. Kwa siku kumi na mbili hazifiki hata kilo 14.

Mtungi umesimama wima kabatini, umefungwa mkanda. Laurenti, dereva wetu, alikuwa ameziba tundu la chini kwa kitambaa eti kuzuia vumbi. Nikakitoa nikamweleza kuwa gesi ikivuja hushuka chini, lazima ipate pa kutokea. Alininunia mpaka Pande.

Mwanao, Farzana

*

Nyangamara, 15 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo. Sisi sote wazima, alhamdulillahi, na utaona kwa nini naanza na hilo.

Jana, siku ya tisa, moto ulififia wali ukiwa jikoni. Nikatoka kuchota maji. Niliporudi Laurenti alikuwa ameulaza mtungi, na moto umeruka hadi kwenye kabati la vyombo. Nikafunga mtungi, nikawatoa wote nje, nikakataza mtu kugusa swichi, milango ikabaki wazi. Hakuungua mtu. Laurenti akanifuata pembeni. Akaniambia, "Dada, mzee wako ndiye aliyenielekeza pale dukani. Gesi ikielekea kuisha, ulaze mtungi."

Nisamehe kukuandikia hili.

Asubuhi niliazima mizani ya korosho, tukauning'iniza mtungi. Kilo 21.7. Yaani gesi imebaki kilo nne na nusu, ya kutosha siku zote tatu. Haikuwa inaisha hata kidogo! Iliyochoka ni regyuleta, kile kifaa cha kichwani kinachopunguza nguvu ya gesi, na mtungi ulipolazwa ikapitisha gesi ikiwa bado ya maji, haijageuka hewa, mpaka jikoni. Daktari Ignasi anasema niwashe tu, tumalizie safari. Nimekataa. Regyuleta hiyo na mpira wake siviamini tena, na ndani ya gari wanalala watu sita. Napikia kuni nje, macho yananiwasha.

Kwa hiyo naagiza, baba: regyuleta mpya na mpira mpya. Hesabu yangu ilikuwa sawa na bado nimeshindwa. Inaniuma, sikufichi. Nitarudi kaunta.

Mwanao, Farzana

*

Lindi, 17 Oktoba 2024

Binti yangu Farzana,

Marahaba. Mama yako amelia, kisha amekula vizuri.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika. Nikafunga duka, nikaisoma tena, nikaona haya. Laurenti hakusema uongo. Miaka yote hiyo nimewaambia watu walaze mtungi, na wewe ungeweza kuungua kwa maneno yangu.

Vitu anakuletea kondakta wa basi. Vifunge, kisha pakaa povu la sabuni kwenye maungio uangalie kama linatoa mapovu. Unajua, lakini niache niseme.

Kurudi, usirudi. Ungeniagiza kwa uzembe ningekufuata mwenyewe. Umeniagiza kwa sababu una akili, na ulikubali kushindwa kuliko kuwachezea watu roho zao. Nimejivunia, Farzana, mpaka nimeshindwa kukaa.

Leo Mwahija, yule mama muuza chapati, alikuja kulalamika moto wake umefifia. Nikamwambia asiulaze mtungi hata siku moja, aulete tuupime na regyuleta tuikague. Akashangaa. "Mzee Sherali, si wewe uliyenifundisha kuulaza? Nani tena kakwambia hivi?"

Duka lilikuwa limejaa watu. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Binti yangu."

Baba yako, Sherali