Kuku wa Mama Niliyemla Mpemba

Tunduma,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekuachia? Na goti la kushoto, bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mimi huku natembea na kazini naenda, namshukuru Mungu. Lusekelo, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka.

Mama, nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nakudanganya. Ukisema "mwanangu" tu, uongo unanitoka wenyewe.

Unakumbuka daktari alivyosema presha iliponilaza: kilo mia moja na nane ni nyingi mno, na nisipozipunguza nitaanguka kama Baba alivyoanguka kwenye shamba la kahawa. Ukaweka nadhiri mbele ya kina mama wenzako wa kanisani kwamba hutatia sukari kwenye chai mpaka nifike tisini na tano. Wewe, unayependa chai tamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na kweli nilianza vizuri. Niliacha chipsi za stendi, nikaacha bodaboda na kwenda ofisini kwa miguu, nikafika mia moja na moja.

Ndipo ikaja sherehe ya kipaimara kwa Shangazi, kule Vwawa. Siku ile nilijivuna sana. Meza imejaa pilau na nyama, mimi nachukua mchicha na vijiko viwili vya wali, watu wananisifu, na mimi nawapa mawaidha kama nesi. Wakati wa kuondoka Shangazi akanikabidhi kuku mzima wa kuchoma, amefungwa kwenye kitambaa. "Huyu ni wa wifi yangu," akasema. "Sukari ameacha kwa ajili yako, basi angalau ale nyama. Mpe Yohana, amfikishe leo leo."

Nikashuka Mpemba kusubiri gari la Yohana la kwenda Ileje. Likachelewa. Nilikuwa na njaa, Mama, njaa ya mtu aliyejinyima mbele za watu. Nikasema nionje bawa moja, bawa halina kitu. Kisha la pili, ili kuku asionekane wa upande mmoja. Yohana alipotokea nilikuwa nimeshika kitambaa chenye mifupa. Nikampungia mkono, akapita.

Jioni ulipiga simu kuuliza, maana Shangazi alishakuambia. Nikasema nimempa Yohana. Yohana akaapa hakupewa kitu, nawe ukaniamini mimi. Lusekelo ameniambia kwamba sasa hupokei hata salamu yake, na maharage yako unayatuma kwa gari jingine. Eti ulisema, "Mtu anayekula kuku wa mjane siwezi kumpa mkono." Mama, mtu huyo ni mimi.

Baada ya hapo ndiyo nikaharibu kabisa. Nilijiambia nimeshachafua, basi acha nile. Nikawa navuka mpaka kwenda Nakonde mchana kufuata nshima, ule ugali wa Wazambia, na samaki wa kukaanga, chipsi zikarudi, soda zikarudi. Kliniki nikaikwepa wiki mbili. Ukiuliza nimefika wapi, nakujibu, "Nimebakiza tatu tu, Mama."

Jumatatu iliyopita nilijikokota nikaenda. Mizani ikasema mia moja na tano. Nikamweleza nesi habari ya kuku, nikitegemea anigombeze. Akaandika tu kwenye kadi.

"Kuku mmoja hakukufanya hivi, kaka," akasema. "Ni hizi wiki mbili za kujificha."

"Sasa nifanyeje?"

"Leo mchana unakula nini? Anzia hapo."

Nikaanzia hapo. Maharage, mboga za majani, ugali kiasi cha ngumi, na nikanawa mikono mapema ili nisiongeze. Natembea tena kwenda ofisini. Ni siku sita tu, wala sijui kama nitaweza ya saba, lakini sikudanganyi tena.

Nadhiri ni yako na Mungu, siwezi kukuamulia. Ila ujue kwamba wiki zote hizi umekunywa chai chungu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula. Naona aibu, Mama. Nisamehe.

Nisalimie Mjomba anayenitunzia shamba, na Bibi jirani anayekuchotea maji goti likiuma. Wasalimie na wale kina mama walioshuhudia nadhiri yako, na uwaambie ukweli wa kilo zangu. Shangazi nitamwambia mwenyewe.

Jana nilimfuata Yohana stendi, nikamweleza yote. Alishuka kwenye gari, nikadhani atanipiga. Kisha akasema, "Mwandikie mama yako. Barua nitaipeleka mwenyewe, na nitasubiri mpaka isomwe."

Kwa hiyo yupo hapo mlangoni sasa hivi, Mama. Mpe mkono. Na kuku aliyembeba ni wako. Nimemtuma akiwa hai, maana aliyechomwa bado sijiamini naye.

Mwanao anayekupenda,
Ambakisye